Bei ya Karatasi Zisizokatwa

Mwezi uliopita mpwa wangu anayesoma Nairobi aliniletea picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya sanduku la kadibodi, limewekwa juu ya kitambaa cheusi kama mkufu dukani kwa sonara. Chini yake bei: dola 385. Chini ya bei, maneno yake mwenyewe: "Shikamoo, mjomba. Hili si ndilo lile lililo juu ya kabati kwa bibi? Tuliuze. Ada ya muhula hiyo, mjomba."

Nilicheka. Nikaanza kumwandikia kwamba bei ya kutajwa si bei ya kulipwa, nikafuta. Nikaanza tena kumweleza kwa nini siuzi, nikafuta pia, maana nilijikuta naandika uongo. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi sanduku lile sikuliuza, wala sikulitumia. Nililikalia tu, kama kuku aliyelalia mayai viza. Sasa kijana amenichokoza, na afadhali niseme yote.

Nilikwenda Sheffield, Uingereza, mwaka 2003 kusomea uhandisi. Mvua, giza linaloingia saa kumi jioni, na ule upweke anaoujua kila aliyesoma ughaibuni. Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, kijana niliyekuwa nikitumia naye jiko moja aliniita chumbani kwake. Nilikuta watu watano wamezunguka meza, wana penseli, karatasi na dadu za ajabu, nyingine zenye pande nane, nyingine ishirini. Mmoja wao, msimamizi, alikuwa akisimulia. Wengine kila mmoja amejivika uhusika wake: daktari, mwandishi wa habari, mjane tajiri. Hadithi ikifika njia panda, wao ndio wanaoamua pa kwenda, na palipo na shaka dadu hukata shauri. Hapana ubao, hapana mshindi. Walihangaika kunieleza, nami nilikuwa nimeshaelewa. Ilikuwa paukwa-pakawa ya bibi yangu kule Mji wa Kale, Mombasa, ila hapa wasikilizaji wana ruhusa ya kumkatiza bibi na kumwambia, "Mimi pango hilo siingii."

Waliposikia natoka Mombasa, walitazamana. "Basi wewe umo kitabuni," akasema msimamizi.

Kitabu chenyewe ni Masks of Nyarlathotep, mkasa mrefu wa mchezo uitwao Call of Cthulhu. Aliutunga Larry DiTillio akishirikiana na Lynn Willis, na kampuni ya Chaosium ya California ikauchapisha mwaka 1984, vitabu vyembamba kadhaa ndani ya sanduku. Hadithi inaanza New York, Januari 1925: mwandishi mmoja anauawa kabla hajaitoa siri ya msafara wa matajiri uliosemekana kuangamia Kenya mwaka 1919. Wachezaji wanafuata nyayo hadi London, Cairo, Shanghai, na Kenya. Nilipojua kwamba kuna watu Sheffield waliowahi kusafiri hadi kwetu kwa dadu na chai ya maziwa, nilikitaka kitabu hicho kuliko vitabu vyote vya uhandisi nilivyoagizwa kununua.

Lakini toleo la sanduku lilikuwa limeacha kuchapishwa siku nyingi. Lilikuwepo jingine la mwaka 1996, lililoongeza safari ya Australia, ila wenzangu waliapa kwamba lenye utamu ni lile la kwanza. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ulimwengu wa vitabu vya mtumba ambavyo bei yake haina uhusiano na bei iliyochapwa nyuma ya jalada.

Mimi mtumba nilidhani naujua. Nimelelewa na shati la soko la Kongowea. Nguo ya mtumba hushuka bei kila inapopita mkono, na mwisho wake ni kupangusia sakafu. Kumbe kwa vitabu hivi safari huweza kwenda kinyume. Wenzangu walinisimulia mwanzo wa yote: mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, ilichapisha nakala 1,000 tu, zikapangwa kwa mikono ndani ya visanduku na kuuzwa dola 10. Nakala kamili ya mwanzo ule siku hizi huuzwa kwa maelfu ya dola. Nilidhani wananitania mgeni.

Utani ulinihamia mimi mwenyewe miezi michache baadaye. Katika duka moja la hisani, katikati ya vitabu vya mapishi na riwaya za mapenzi, niliona Deities & Demigods, kitabu cha TSR cha mwaka 1980 kinachoorodhesha miungu ya mataifa mbalimbali kwa ajili ya mchezo. Paundi 3. Nilikuwa nimeshasikia habari zake. Nakala za mwanzo zina sura mbili zilizotolewa baadaye: moja ya viumbe wa kutisha wa H. P. Lovecraft, nyingine ya ulimwengu wa Elric wa Michael Moorcock. Kibali cha kuchezea malimwengu hayo mawili kilikuwa kwa Chaosium. Kampuni zikapatana kwamba kitabu kibaki na neno la shukrani kwa Chaosium, kisha TSR ikaona heri kuzitoa sura hizo kuliko kuendelea kumtaja mshindani wake. Chenye sura hizo kina kurasa 144. Kisicho nazo, 128.

Nililipa paundi zangu 3, nikakiweka kitabu ndani ya koti kama mwizi, nikapanda basi. Sikuthubutu kukifungua mbele ya watu. Nyumbani nikaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. 128.

Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi usiku ule sikulala vizuri, na kilichoniudhi hakikuwa hasara, maana hasara haikuwepo. Kilichoniudhi ni kwamba nilikuwa na kitabu kizuri mkononi, chenye habari za miungu ya Misri, Ugiriki na India, nami nikakitupa kitandani kwa kinyongo kwa sababu ya kurasa 16 ambazo nisingezisoma hata zingekuwepo. Somo la kwanza hilo: bei ya kilichoadimika hukufanya ukitazame kitabu kwa upande wa kile kisichokuwamo.

Sanduku nililipata majira ya kuchipua mwaka 2005, katika maonyesho ya michezo yaliyofanyika ukumbini, mezani kwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniambia paundi 60. Wakati huo nilikuwa naosha vyombo hotelini mwishoni mwa juma, na paundi 60 ni zamu mbili na ushee za mikono kuchunika. Nikaanza kupunguzisha kama niko Marikiti. Kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Mzee hakukasirika wala hakushuka. Alilifungua sanduku taratibu, akaanza kunitolea kimoja kimoja: kitabu cha New York, cha London, cha Cairo, cha Kenya, cha Shanghai. Mwisho akatoa karatasi zenye vitu vya kukatwa kwa mkasi na kupewa wachezaji wakati hadithi inaendelea: barua, vipande vya magazeti, hata ganda la kiberiti cha baa moja ya Shanghai.

"Tazama," akaniambia. "Havijakatwa. Aliyekuwa nalo hakuwahi kulicheza. Siku utakayokata, umekata na nusu ya bei."

Tukapatana paundi 45. Nilitoka nimejaa furaha, na maneno yale nikayabeba kama hirizi. Ilinichukua miaka kuyageuza na kuyatazama upande wa pili. Mtunzi alizitengeneza karatasi zile ili zikatwe. Alitaka mchezaji ashike barua mkononi, aikunje, aitie mfukoni, aitoe wiki tatu baadaye na kupiga kelele kwamba saini hii ameiona mahali. Lakini soko humlipa zaidi aliyezifungia. Katika biashara hii nakala ghali kuliko zote ni ile isiyomfurahisha mtu yeyote. Ni kama kusema ngoma bora ni ile isiyopigwa, kwa sababu ngozi yake bado mpya.

Usiku uleule nilifungua kitabu cha Kenya. Furaha ya kwanza ilikuwa ya kitoto: Mombasa! Nairobi! Humo yumo hata kijana aitwaye Johnstone Kenyatta, ndiye Jomo wetu wa baadaye, akisaidia wachezaji. Kisha kadiri nilivyosoma nikaanza kukaa vibaya kitini. Wauaji wanaoabudu Ulimi wa Damu, walio kiini cha hofu ya sura ile, ni Waafrika. Pwani nayo niliiona kama ambavyo mtu huiona nyumba aliyoelezwa na jirani: milango ipo, madirisha yapo, wenyewe hawamo. Sikuona chuki. Niliona mtu aliyesimulia kutoka mbali, kwa ufundi mkubwa, bila kuwahi kusikia adhana ya Msikiti wa Mandhry.

Wenzangu nilipowaeleza, hawakubisha. Wakanipa jibu ambalo hadi leo linanichoma. "Basi tuchezeshe wewe," wakasema. "Andika pembeni. Rekebisha. Wewe ndiye mwenyeji."

Hebu tazama fursa ile. Watu watano wako tayari kuacha kitabu kiseme uongo wake na kunisikiliza mimi nikiwaingiza Mombasa ya mwaka 1925, nao waulize, wapotee vichochoroni, wasalimiane na watu. Nilichohitaji ni penseli na mkasi. Nikasema, "Baadaye." Mmoja akapendekeza tutoe fotokopi. Nikasema kitabu kikikandamizwa kwenye mashine, uti wake utavunjika. Mwingine akasema niandike daftarini. Nikasema nina mitihani. Kila sababu ilikuwa ya kweli kiasi, na nyuma ya zote alikuwepo yule mzee na miwani yake: siku utakayokata, umekata na nusu ya bei.

Kufikia mwaka 2007 tulikuwa tumetawanyika. Hatukufika Mombasa kamwe. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi: niliona kasoro katika hadithi iliyopasimulia nyumbani kwetu, nikaombwa niisahihishe, na nikakataa kwa sababu alama ya penseli hushusha thamani. Paundi 45 zilinitosha kunyamaza.

Baada ya masomo nilibaki kidogo Uingereza nikitafuta kazi, na mwaka 2009 kodi ya chumba ilinibana. Nikaamua kuuza sanduku jingine, la mchezo mwingine, nililolipata kwa bei ya kutupa. Nilifanya anachofanya mpwa wangu leo: nikafungua mtandao, nikatafuta tangazo la bei ya juu kuliko yote, nikaandika bei hiyohiyo na kupunguza paundi 5 ili nionekane mwungwana. Wiki zikapita, miezi ikapita. Watu walikuja kutazama, hakuna aliyenunua. Nilipochoka nikalitia mnadani. Likaenda kwa paundi 19, na nilipotoa gharama za posta na ada ya mtandao, kilichobaki kilinunua mfuko wa mchele wa basmati.

Hapo nikaelewa tofauti ambayo mama mboga wa Kongowea anaijua bila kufundishwa. Tangazo lililokaa mwaka mzima bila mnunuzi ni ushahidi kwamba bei ile haipo. Lakini sisi tunaotazama kutoka mbali tunaliona lile lililobaki, kwa kuwa lililouzwa limeshaondoka, na tunalifanya kipimo. Mwaka 2011 ulimwengu ulipata mfano wa kuchekesha. Kitabu cha kisayansi kiitwacho The Making of a Fly, kinachoeleza jinsi nzi anavyoumbika, kilipanda Amazon hadi zaidi ya dola milioni 23. Hakuna aliyekuwa na wazimu. Wauzaji wawili walikuwa wametumia programu za kupanga bei: moja ikijiweka chini kidogo ya mwenzake, nyingine ikijiweka juu kwa zaidi ya robo. Zikafukuzana usiku na mchana, kila moja ikidhani mwenzake anajua jambo. Niliposoma habari hizo nilijiona mimi na tangazo langu.

Mwaka uleule wa sanduku langu la paundi 19, jambo jingine lilitikisa wapenzi wa michezo hii. Wizards of the Coast, walioinunua TSR mwaka 1997, waliondoa sokoni faili za PDF za vitabu vyote vya Dungeons & Dragons, Aprili 2009, wakilalamikia wizi wa nakala. Vitabu vya zamani vilivyokuwa vikipatikana kwa dola chache vikawa havipatikani tena kwa njia ya halali, hadi Januari 2013 vilipoanza kurudishwa. Nilijifunza hapo kwamba neno "adimu" lina maana mbili. Kipo kilicho adimu kwa sababu nakala zimeoza, zimeungua au zimepotea. Na kipo kilicho adimu kwa sababu mwenye ufunguo ameamua kufunga mlango. Cha pili hiki kinaweza kuacha kuwa adimu kesho asubuhi, na aliyekilangua akabaki ameshika karatasi.

Nilirudi Mombasa mwaka 2011, sanduku likiwa katikati ya nguo, limefungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki. Mama alilipokea, akalitikisa, akauliza kama ni viatu. Likapanda juu ya kabati.

Mwaka huo bibi yangu alikuwa mgonjwa, na siku moja akaanza kusoma kwa moyo beti za utenzi aliofundishwa utotoni, akakwama. Akaniomba nimtafutie kitabu. Alikumbuka kwamba kilikuwa kimoja cha mfululizo wa Johari za Kiswahili, vitabu vilivyokuwa vikitolewa na East African Literature Bureau, ile idara iliyoanzishwa mwaka 1948 na ambayo haikuendelea ilivyokuwa baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Nikajisemea, hili ni jepesi. Mimi ni mwindaji mzoefu.

Nilizunguka wiki mbili. Wauza vitabu wa barabarani walinipa vitabu vya mitihani na wasifu wa Wamarekani waliotajirika. Mmoja akaniambia alikuwa navyo, vitabu "vya mashairi ya kizee", lakini havikuwa na mnunuzi, akavitoa kwa kilo. Kwa nani? Kwa muuza karanga. Bei yake ingekuwa ngapi, nikauliza, kama kingekuwepo? Akainua mabega. "Hamsini? Kitabu cha zamani kile, kaka."

Mwishowe mwalimu mmoja mstaafu alinipa fotokopi ya fotokopi, maandishi yamefifia kama nyayo ufukweni maji yakipanda, na kurasa nne hazipo. Bibi alizisikiliza zilizobaki na akazikamilisha mwenyewe.

Safari ile ilinipindua. Kwa miaka nilikuwa nimewachukia walanguzi, yule mzee na karatasi zake zisizokatwa, matangazo ya mamia ya dola. Sasa nikaona kwamba bei ile, pamoja na upumbavu wake wote, ilikuwa imefanya kazi moja: hakuna mtu Sheffield ambaye angefungia karanga katika Masks of Nyarlathotep. Anayekuta sanduku kama lile kwenye dari ya marehemu babake husita kabla ya kulitupa. Kwetu, kitabu kisichochapishwa tena mara nyingi hakipandi bei. Hushuka hadi bei ya karatasi, na chini ya hapo hakuna ngazi nyingine. Bei kubwa ni mlinzi bahili, asiyemruhusu hata mwenye nyumba kuingia. Lakini nyumba isiyo na mlinzi kabisa nimeiona pia.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nililishusha sanduku. Sikulishusha. Mwaka 2018 Chaosium ilitoa Masks upya, juzuu mbili ndani ya kasha, zaidi ya kurasa 600, na sura mpya ya mwanzo inayofanyika Peru. Walioandaa toleo hilo walijaribu pia kupunguza ule utazamaji wa kikoloni nilioukuta usiku ule wa mwaka 2005. Nilijaribu kujua hisia zangu. Mfukoni nilihisi kama nimeibiwa kidogo, maana kila mtu aliyetaka kucheza sasa angenunua jipya, na sokoni kwa sanduku langu wangebaki wakusanyaji peke yao. Moyoni nilihisi aibu iliyo nzito zaidi: wengine walichukua penseli. Walioirekebisha Kenya ile hawakunisubiri mimi niliyekaa juu ya kitabu chake miaka kumi na mitatu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaandika na kuyafuta kwenye simu. Jioni ya siku ile nilikwenda kwa mama, nikaomba ngazi. Sanduku lilikuwa na vumbi na njia moja ya mchwa pembeni, mchwa ambao hawakuwa wamesoma tangazo la dola 385. Nikaketi barazani, nikatoa kitabu cha Kenya, nikafungua penye Mombasa. Pembezoni mwa ukurasa, kwa penseli, nikaandika neno la kwanza: kwamba mwaka 1925 Ngome ya Yesu ni jela, imekuwa jela tangu 1895 na itabaki hivyo hadi 1958, na kwamba mgeni akipita Ndia Kuu jioni atakutana na wanawake wanaotoka huko mikononi wakiwa na vyombo vitupu vya chakula, na kila mmoja ana jambo la kusimulia akiamkiwa vizuri. Nikaandika na la pili. Adhana ya magharibi ilipotoka nilikuwa nimejaza ukurasa mzima.

Kisha nikamjibu mpwa wangu: "Marahaba. Ada nitatuma mwenyewe. Likizo ya Desemba njoo na wenzako wanne. Na mkasi."